Chai Iliyoota Mwambani

Nimekulia kwenye chai na sijawahi kuipenda. Wazazi wangu walikuwa na kishamba cha majani chai kwenye milima ya baridi huko bara, Kenya, na mimi nilichuna majani kabla ya kwenda shule, miguu imelowa umande hadi magotini, halafu nikabeba kikapu mgongoni mpaka kituo cha kununulia. Majani mazuri yalikwenda Ulaya. Sisi tulirudishiwa vumbi, tukalichemsha kwa maziwa na sukari mpaka likawa na rangi ya udongo, na hiyo ndiyo tuliyoiita chai. Isiyo na maziwa ilikuwa strungi, kinywaji cha nyumba iliyoishiwa. Mgeni akipewa strungi anajua mambo si mazuri hapo, na akifika kwake atawaambia wengine.

Nayasema haya kwanza ili ieleweke kwamba watu nitakaowasimulia hawakuwa wabaya. Nimewakasirikia miaka mingi, na hata leo nikikaa vibaya nawakasirikia, lakini wabaya hawakuwa.

Mwishoni mwa miaka ya tisini mimi na marehemu mke wangu tulikuwa tukiishi Adelphi, Maryland, kwenye moja ya yale majengo ya matofali karibu na University Boulevard, ambako kila mlango unanuka jiko la nchi yake. Mimi nilikuwa nakaa kwenye kibanda cha kioo ndani ya gereji ya kuegesha magari huko Washington, nikipokea tiketi za watu wenye haraka. Yeye alikuwa msaidizi wa wagonjwa kwenye nyumba ya wazee. Binti yetu alikuwa Kenya kwa nyanya yake, akisubiri tumwite. Tulikuwa na mipango, kama kila mtu kwenye jengo lile.

Halafu uvimbe ukamwota mke wangu nyuma ya pua, mahali ambapo mimi sikujua kama kuna kitu cha kuugua. Walimpiga mionzi kiangazi kizima. Mionzi ilimaliza uvimbe, ndivyo walivyotuambia, na ikamaliza pia mate yake na ladha yake. Kila alichotia mdomoni kilikuwa na uchungu wa chuma. Maziwa ndiyo yalikuwa mabaya kuliko vyote. Akinywa funda moja la maziwa alikuwa anatapika hapo hapo, hata harufu yake tu ilimtosha, kwa hiyo tukaacha kabisa kuyaweka ndani ya nyumba. Nilimpikia uji wa wimbi, nilimpikia mukimo, supu ya kuku, samaki, ndizi. Nilikuwa naweka sahani mbele yake kwa matumaini na kuiondoa kwa hasira, na sikuwa na wa kumkasirikia, kwa hiyo nilikasirikia sahani.

Daktari alisema kama hatameza mwenyewe itabidi awekewe mrija tumboni. Mke wangu alikuwa amewahudumia wazee wenye mirija hiyo kwa miaka. Alinitazama tukiwa bado mbele ya daktari, akaniambia kwa Kiswahili, bila kupandisha sauti, kwamba heri azikwe. Tangu siku ile kazi yangu duniani ilikuwa moja tu, kumfanya mke wangu ameze. Ile ya gereji nilikuwa naifanya kwa mwili.

Mlango wa pili ukivuka ukumbi kulikuwa na mama mzee wa Kichina aliyeishi na binti yake. Tulikuwa tunapeana salamu za kichwa tu. Sisi tulimwita nyanya, kwa heshima, ingawa yeye hakujua maana yake. Kuta za jengo lile zilikuwa nyembamba, na nadhani alichoka kumsikia mke wangu akitapika, kwa sababu asubuhi moja niliyokuwa sina zamu alibisha hodi akiwa na sinia mkononi. Juu yake kulikuwa na kibirika cha udongo kinachoenea kwenye kiganja, vikombe vidogo sana, na kopo la bati.

Nilitaka kumrudisha. Watu walikuwa wametuletea mwarobaini, vitunguu saumu, mafuta ya upako, maji ya shubiri, na kila mmoja alikuwa na binamu aliyepona. Nikamuuliza kwa ukali kama hiyo ni dawa. Alikunja uso kana kwamba nimemtukana. "Si dawa," akasema kwa Kiingereza chake cha kudonoa. "Chai." Kwa sababu ya jibu hilo peke yake nikamwachia njia.

Majani yale sikuwahi kuyaona, mimi mtoto wa chai. Yalikuwa marefu, meusi, yamejisokota, na alijaza kibirika karibu chote. Alimimina maji yanayotokota, akayamwaga mara moja kwenye sinia, nikadhani amekosea. Kumbe yale ya kwanza ni ya kuyaamsha majani. Akamimina tena, akahesabu pumzi zake kimoyomoyo, akagawa kwenye vikombe. Rangi yake ilikuwa ya asali ya porini. Kwangu ilikuwa strungi tu, na ndani yangu niliona aibu kwamba mgeni ametuletea strungi, na aibu zaidi kwamba tutainywa.

Mke wangu alimeza. Mimi nilikuwa tayari na beseni. Akarudisha kikombe kwenye sinia, akauliza kama kuna nyingine. Ya pili alikaa nayo mdomoni kabla ya kuimeza. Kisha akasema, "Ina mawe hii. Ni kama odowa."

Odowa ni yale mawe laini ambayo wanawake wajawazito wa kwetu hununua sokoni wakatafuna. Yeye alipokuwa na mimba ya binti yetu aliyatafuna kutwa nzima, mpaka nikawa nayakuta mifukoni mwa koti lake. Nilikuwa sijamsikia akisema kitu kina ladha ya kitu tangu mionzi ianze. Asubuhi ile, baada ya ile chai, alikula nusu bakuli ya uji na haukurudi. Nilikwenda bafuni nikafungulia maji ya bomba ili nisisikike nikilia.

Nyanya hakushangaa hata kidogo kuambiwa habari za mawe. Alifurahi kama mtu aliyetajiwa kijiji chake. Chai hiyo, alinieleza kidogo kidogo siku zilizofuata, inatoka kwao, kwenye milima ya Wuyi, ambako hakuna udongo wa maana. Miti yake inaota kwenye nyufa za majabali, kwenye vishamba vyenye ukubwa wa chumba, jua linaingia saa chache kisha mwamba unalizuia, na maji yanachuruzika kwenye mawe kabla ya kuufikia mzizi. Majani yakishachumwa yanaachwa yanyauke, yanatikiswa yachubuke kingoni, kisha yanaokwa juu ya makaa polepole. Baada ya hapo hayanywewi. Yanafungiwa miezi, mpaka moto utoke ndani yake, kwa sababu chai iliyotoka jikoni karibuni inakwaruza koo. Kaka yake alimtumia kopo moja kila mwaka. Kopo hilo alikuwa akilinywa na binti yake, na sasa aliligawa nasi.

Nilimpa mke wangu chai hiyo kama mtu anayefanya ibada. Nilikuwa natoka gereji, nashuka kwenye treni, nangoja basi nikiwa nimesimama kwa sababu kukaa kulikuwa kunanichelewesha kwa namna fulani, napanda ngazi mbio, na kabla ya kuvua koti nimeshaweka maji jikoni. Nilikuwa naonja mimi kwanza, nione kama haijakolea kupita kiasi, halafu nampa. Na mimi, niliyekuwa nimeichukia chai tangu utoto, nikaanza kuielewa.

Ni chai yenye tabia. Haimbembelezi mtu. Maji ya mwanzo yanakupa mkaa na mahindi ya kuchoma, na ukiwa na haraka utadhani hiyo ndiyo basi. Ukiyarudia yaleyale majani, mkaa unasogea kando, unakuja mnuko wa maua, tena si maua ya kupendeza, maua yaliyoanza kulala. Ukirudia tena maua yanaondoka na linabaki jiwe. Sijui niliseme vipi. Ni ule ubaridi wa mwamba uliopigwa na mvua, unaukalia ulimi na kuubana pande zote mbili, na ukishameza, ukadhani yamekwisha, utamu unapanda kutoka kooni peke yake, bila sukari. Nyanya alikuwa anatuonyesha kwa kidole mahali hapo kwenye koo, akigusa shingo yake, kisha anatungoja tukubali. Chai ya kwetu inakupa kila kitu mara moja, na sukari juu yake. Hii ilikuwa ngumu, kavu, inatoa kidogo kidogo, na kilichokuwa cha mwisho kutoka ndicho kilikuwa bora. Nilijenga imani nzima juu ya jambo hilo. Nilijiambia kama kitu kinaweza kuota kwenye jabali lisilo na udongo na bado kikawa na utamu ndani, basi hata mke wangu.

"Umeusikia mkaa?" nilikuwa namwuliza.

"Upo."

"Na sasa? Maua hayajaanza?"

"Yameanza. Kwa mbali."

"Subiri hii. Hii ndiyo ya mawe."

Anameza, anafumba macho. "Hiyo nayo," anasema. "Imerudi tamu."

Kwangu hayo yalikuwa majibu ya maabara. Nguo zilianza kumpwaya upya, mimi nikasema ni kwa sababu anatembea zaidi. Uji ulirudi kubaki bakulini, nikasema amechoka kuula uleule. Muuguzi alipompima uzito na kutikisa kichwa, nilimwambia ladha imerudi, anasikia mpaka mawe. Alinitazama kwa huruma, na ile huruma ilinichukiza sana.

Baada ya Krismasi uvimbe ulitokea shingoni. Daktari alizungumza taratibu, akasema kilichobaki sasa ni kumfanya mgonjwa awe na raha. Hakutaja tena mrija wa tumboni, na nilielewa maana ya kutotaja huko kabla hajamaliza sentensi. Tulirudi nyumbani kwa basi. Nilipofika niliweka maji jikoni. Sikuwa na kitu kingine ninachokijua.

Nyanya alipopata habari alileta kopo lote, pamoja na sehemu yake mwenyewe, akaliweka kwenye kabati letu juu ya jiko. Lingine lingekuja mwakani. Mikono ya mke wangu ilikuwa inatetemeka, hawezi tena vile vikombe vidogo, kwa hiyo nilikuwa nampa kwenye kikombe cha plastiki chenye kifuniko na mrija, kama vile alivyokuwa akiwapa wazee wake. Alikaa kutwa kwenye kochi karibu na dirisha, kwa sababu akilala chali alikuwa anasongwa.

Habari zilifika kanisani. Jumamosi moja mchana, theluji ikiwa imerundikana kwenye maegesho, walikuja akina mama wa ushirika wetu wa Wakenya, wengine kutoka mbali kama mji wa Bowie, magari yamejaa sufuria za pilau, chapati zilizofungwa kwa taulo, na madumu ya maziwa. Kwetu nyumba yenye mgonjwa haipiki. Wanawake wakiingia wanachukua jikoni, mwenye nyumba anafukuzwa akakae kama mgeni. Hiyo ni heshima, na sikuwa na nguvu za kuikataa. Wakanituma chini nikawaonyeshe wengine mahali pa kuweka magari, nikashika koleo nikaondoa theluji, nikasukuma gari la mtu lililokwama.

Nilipopanda ngazi nilisikia tangawizi.

Mama mwenyekiti wao, mwanamke mnene mwenye moyo mkubwa, aliyekuwa amempeleka mke wangu hospitali mara nyingi mimi nikiwa kazini, alinipokea mlangoni mwa jikoni akiwa na machozi. Alinivuta kando asiaibishe mtu.

"Baba, kwa nini hukusema?" alininong'oneza. "Nimecheki friji, hakuna maziwa hata tone. Kumbe mko hapa mnakunywa strungi na sisi tuko? Mgonjwa anapewa strungi? Tungekuwa tunaleta kila wiki."

Nilitazama juu ya jiko. Sufuria kubwa ilikuwa inachemka, nyeupe, na juu yake yanaelea yale majani, yamefunguka yote.

"Na hayo majani yenu hayana nguvu," aliendelea. "Hayatoi rangi. Nimeongeza, nimeongeza, wapi. Ikabidi nimwage yote sufuriani. Lakini usiworry, tumewaletea ya nyumbani, packet mbili."

Kopo lilikuwa kwenye sinki, limeshaoshwa, limefunikwa juu chini likauke. Nilitaka kumshika bega nimtoe nje na madumu yake. Nilitaka kuvunja kitu. Mwanamke huyu alikuwa ameacha watoto wake siku ya mapumziko aje aniokoe kutoka kwenye aibu. Nikamwambia, "Asante, mama." Sauti ilitoka ya kawaida kabisa, na jambo hilo lilinitisha.

Sebule ilikuwa imejaa. Walikuwa wamemkaribisha na nyanya, wakamkalisha kwenye kochi kando ya mke wangu, wakampa kikombe kikubwa kilichojaa hadi juu. Alikuwa amekishika kwa mikono miwili. Jani moja lilikuwa limepenya kwenye chujio, likaganda ukingoni mwa kikombe chake, na niliona akilitazama. Alijua. Aliinua macho akaniona mlangoni, kisha akainamisha kichwa na akanywa. Alikunywa yote, bila kusita, kama anavyokunywa mtu mwenye adabu nyumbani mwa watu.

Hapo ndipo nilipoona kikombe cha plastiki mkononi mwa mke wangu. Mmoja wa wale akina mama alikuwa amekijaza na kukifunika, na alikuwa anamwekea mrija mdomoni. Kati yangu na yeye kulikuwa na magoti ya watu, meza, sahani za pilau. Niliita, lakini walikuwa wameanza wimbo. Nikaanza kupenya nikitafuta kwa macho beseni liko wapi, maana nilijua kitakachofuata.

Alivuta mrija. Akameza. Nilisimama katikati ya watu nikingoja. Akavuta tena, akafumba macho vilevile kama siku zote. Wimbo ulipoisha alinitafuta kwa macho, akanipata, akasema kwa ile sauti yake iliyobaki, ili na wengine wasikie, "Mwambie nyanya leo ile ya mawe imetoka vizuri. Imerudi tamu mpaka huku." Akainua mkono, akajigusa kooni.

Akina mama walishangilia kimya kimya, wengine wakasema amina. Nyanya hakujua Kiswahili, lakini kile kidole kwenye koo alikuwa amemfundisha yeye. Alitazama kikombe cha plastiki. Akatazama kikombe chake kilichokuwa tupu. Akaniuliza mke wangu amesema nini.

"Anakushukuru," nikamwambia.

Alichukua mkono wa mke wangu akauweka mapajani mwake, akaufunika kwa mkono wake wa pili, na hakuuachia mpaka wageni walipoanza kutafuta makoti yao.

Waliondoka jua likiwa bado lipo, kwa sababu ya barafu barabarani. Nilirudi nikaketi kwenye kiti mkabala na kochi. Nilikuwa nimejiambia ngazini kwamba sitamwambia. Nikamwambia.

"Ile uliyokunywa ilikuwa ya maziwa."

Aligeukia kikombe cha plastiki kilichokuwa kando yake.

"Maziwa, na tangawizi, na sukari. Wameipika kama ya nyumbani."

Alifungua kifuniko cha kikombe, polepole, vidole havikumtii, akachungulia ndani. "Kumbe," akasema.

"Tangu lini husikii ladha?"

Alifikiri kwanza. Hakutaka kunipa jibu lisilo la kweli, si wakati ule. "Zile wiki za mwanzo niliisikia, kweli. Ilikuwa mawe kabisa. Halafu siku moja nikaamka haipo. Nikasema itarudi, nikangoja."

"Na maua? Na mkaa? Kila siku ulikuwa unaniambia."

"Ulikuwa unaniambia wewe, baba. Unaonja, unasema ni nini, unanipa. Mimi nilikuwa nakurudishia."

Nilimwuliza kwa nini. Niliuliza kwa hasira, Mungu anisamehe, kama mtu aliyetapeliwa. Yeye hakukasirika. Alinitazama machoni vile ambavyo nadhani alikuwa anawatazama wale wazee wake.

"Ulikuwa unapanda zile ngazi mbio," akasema. "Nilikuwa nakusikia tangu chini. Ningekuambia haipo, ungekuwa unapanda uje ufanye nini?"

Alifumba macho, akalala akiwa ameketi. Nikanyanyuka nikaenda jikoni, nikitaka kushika chochote. Akina mama walikuwa wameosha kila sufuria na kila kijiko, wamefuta jiko, wamepiga deki, wametoa takataka. Nilifungua makabati moja baada ya jingine, nikayafunga. Halikuwa limebaki jambo hata moja la kufanya.